Mama Anagonga Mageti ya Kigamboni

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na mimi tangu alfajiri nazunguka na simu mkononi.

Nimefagia sebule, nikaifagia tena. Nimechemsha chai, imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Natoka barazani kuangalia mvua inavyochimba uwanja wetu, narudi ndani, natoka. Kama kuna mtu ananichungulia kutoka ng'ambo ya barabara atasema Zaituni leo mashetani yamempanda.

Nijieleze basi, maana roho haitulii mpaka niseme.

Mama yangu alitakiwa awe amerudi Kasulu Alhamisi. Chumba chake nilikwisha kukipiga deki, shuka nikatandika, nikamtafutia samaki wake, mgebuka mkavu wa maana kwa sababu najua huko alikokuwa analishwa kuku wa mafriji. Alhamisi ikaja, ikapita. Jana akapiga simu. "Zai, mama, nimefikiri nikae kwanza huku." Nikamuuliza mpaka lini. "Nikae kwanza, mwanangu. Huku nina watu."

Nikamkatia simu.

Nimemkatia simu mama yangu mzazi, mimi ambaye nikisikia mtoto wa mwenzangu kamjibu mama yake vibaya natema mate chini. Usiku sikulala vizuri. Leo lazima nimpigie, na lazima nijue moja: anarudi au harudi. Ila kila nikiishika simu naiweka juu ya kabati, naenda kufagia.

Huko aliko ni Kigamboni, kwa mdogo wangu Rehema. Siyo Kigamboni ya karibu na pantoni, hapana. Ndani kule, upande wa baharini, kwenye viwanja vilivyopimwa, nyumba zina ukuta hadi shingoni mwa paa. Rehema alijifungua, na kwa desturi mama ndiye wa kwenda kumkalisha mzazi arobaini yake. Nilimpandisha basi mwenyewe hapa stendi, na sweta lake la kahawia, na kifurushi cha mbegu za maharage ambazo hakutaka kuniambia za nini. Arobaini ya mtoto imeisha. Nikajua safari imeisha.

Baba yetu alikuwa mtu wa pwani, Tanga. Alikuja Kasulu kijana na mzigo wa kanga, akaoa Muha wa kijiji cha Muyama, akafungua duka, akabaki mpaka tukamzika hapa. Maisha yake yote alituhadithia bahari. Mama alikuwa anamsikiliza huku anachambua maharage, anaitikia "eeh, eeh", na mimi nilikuwa naona kabisa kwamba hamwamini. Maji hadi upeo wa macho, halafu hayanyweki? Kwa Muha anayepanda mlima na ndoo kichwani, hiyo ni habari ya kumtega mtu.

Basi siku Rehema alipompeleka ufukweni mara ya kwanza, mama akanipigia palepale. Upepo ukawa unavuma kwenye simu hata simsikii. "Zai! Kumbe baba yenu hakudanganya!" Halafu akauliza, "Sasa hawa watu wanachota wapi?"

Tulicheka, maskini. Wakati ule nilikuwa bado nacheka.

Nikiri kwamba nilikuwa nazisubiri zile simu. Alikuwa ananipigia akishamaliza kumwogesha mtoto, mimi niko dukani napanga vitenge, naweka simu begani naendelea kukunja. Mtaa mzima wa Rehema naujua, na sijawahi kuukanyaga. Najua kwamba asubuhi kabla hakujakucha magari yanatoka mageti yote kwa mpigo, kuwahi foleni ya pantoni na daraja. Najua mabasi ya njano yanabeba watoto bado wamelala, vichwa vinagonga vioo. Baada ya hapo mtaa unabaki wa walinzi, dada wa kazi, na kunguru. Mama aliwachukia wale kunguru kwa moyo wake wote. Wanaiba sabuni! Sabuni, Zai! Kunguru anafua nini?

Najua pia kwamba upepo wa bahari unakula kila kitu cha chuma. Kufuli la geti la Rehema linabadilishwa kila mara, bati linatoboka, jiko la gesi lina kutu mithili ya mzee mwenye mabaka. Maji ya kisima ni ya chumvi, chai lazima maji ya boza, na boza lisipokuja watu wenye nyumba za ghorofa wanaoga kwa kikombe. Mama alipanda yale maharage yake nyuma ya karo, kwenye mchanga. Yaliota. Yakarefuka kidogo, yakawa ya njano, yakalala. Alinisimulia kama anayesimulia habari za mgonjwa.

Kitu kilichomsumbua zaidi lakini ni watu. Hawaonekani.

"Huyu jirani wa kushoto anaitwa nani?" alimuuliza Rehema. Rehema akasema hajui, ni wale wenye mbwa. Na wa kulia? Wale wa geti la bluu. Na mbele? Mbele ni wapangaji, wanabadilika. Mama akamwambia, "Una miaka mingapi hapa, wewe?" Rehema akabadilisha mazungumzo.

Sasa hapa inabidi mtu ajue asubuhi ya mama yangu ikoje. Mama akishaswali alfajiri, anajifunga kanga ya pili mabegani, anatoka. Kwa mama Yoramu, kwa mwalimu mstaafu, kwa wale wajane wa pale kona, kote anapita. Anafika mlangoni, anapiga makofi taratibu, anapiga goti kidogo, "Mwakeye." Wanamjibu kutoka ndani. Anauliza mmeamkaje, watoto, mguu, ng'ombe, mvua ya jana. Wanamuuliza na yeye, tena yote hayo. Kisha anaenda mlango unaofuata. Hanywi chai mpaka amemaliza. Mtu wa pwani akiona salamu ya Waha anaweza kudhani kuna kikao.

Huko Kigamboni akafanya vivyo hivyo. Akavaa kanga yake ya pili, akatoka, akaenda geti la bluu. Kwa kuwa ni geti na hana wa kumsikia, akaligonga kwa kiganja. Mlinzi akafungua kidirisha, akamkuta bibi kizee amepiga goti anapiga makofi. Akamwambia, "Bibi, leo hatutoi, njoo Ijumaa."

Akaenda geti la wenye mbwa. Mbwa wakamtolea meno chini ya geti. Akaenda la tatu, mlinzi akatoka na rungu akamwonyesha barabara. Na kabla hajarudi kwa Rehema, kwenye grupu la simu la wakazi kulikuwa na picha yake kwa mgongo na onyo: kuna mama anapita anagonga mageti, haeleweki anataka nini, tuwe makini na watoto.

Rehema, namsifu kwa hilo, akaandika palepale kwamba huyo ni mama yangu mzazi, ametoka Kasulu, anawasalimia. Watu wakaweka vimoyo. Vimoyo vyekundu, vingi. Hakuna aliyefungua geti.

Rehema alipomweleza kwamba huku watu hawasalimiani nyumba kwa nyumba, mama hakukasirika. Aliuliza tu swali moja, na mimi liliponifikia dukani niliacha kukunja kitenge.

"Sasa wanajuaje kama jirani kaamka mzima?"

Sijui kwa nini swali lile lilinikera. Labda kwa sababu sikulijibu.

Halafu ikaja siku ya mbio.

Ilikuwa alfajiri, mama kamaliza kuswali, amesimama ndani ya geti la Rehema kwenye ule uwazi mdogo anachungulia. Mara anaona watu wanapita mbio. Mwanamume, wanawake wawili, mwingine nyuma. Hawasemi. Wamevaa nguo za kulalia, kwa maelezo yake, fulana na visuruali vya kubana. Wanahema. Wanaelekea upande mmoja wote.

Mwambie mtu yeyote wa Kasulu, wa Buhigwe, wa Kagerankanda, popote huku kwetu: umeamka unaona watu wazima wanakimbia alfajiri bila kusema neno, kuna nini? Moto. Au msiba. Hakuna cha tatu. Mtu mzima hakimbii bure.

Mama hakusubiri kuuliza. Alijifunga kanga kiunoni, akapiga yowe moja la kuamsha mtaa, akafungua geti, akawafuata. Mama yangu! Na magoti yale! Rehema anasema alitoka kitandani na kichanga mkononi akidhani nyumba imevamiwa. Walinzi wakatoka. Mbwa wakaanza. Mama anakimbia katikati ya barabara ya vitofali anaita, "Kafa nani? Jamani, kafa nani?"

Wale wa mbele walikuwa na vitu masikioni, hawakusikia. Walikuwa wanafanya mazoezi yao ya kupunguza mwili, wakapotelea kona. Aliyesikia ni yule wa nyuma, mama mmoja anayekimbia polepole. Akasimama. Akageuka. Mama akamfikia, anahema, akamshika mkono.

"Kafa nani, mwanangu?"

Na yule mama akamwangalia, akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro, akasema, "Mume wangu."

Ndiyo. Alikuwa amefiwa na mume, ile miezi ya karibuni. Wakamsafirisha kwenda kumzika kwao Songea. Aliporudi alikuta mtaa uko vilevile. Kwenye grupu watu walikuwa wameweka vile vikono viwili vilivyounganishwa, pole sana jirani, pole jirani, pole. Yeye akajifungia, akaenda kazini, akaanza kukimbia asubuhi kwa sababu daktari alimwambia itamsaidia kulala. Anaitwa mama Brayani. Nyumba yake ndiyo ile ya geti la bluu ambako mama aliambiwa aje Ijumaa.

Mama akakaa naye palepale mtaroni. Akalia naye. Mama analia kweli, hajui kulia kwa kitambaa, alilia kwa sauti kama wanavyolia Muyama, na mtaa ule sijui kama uliwahi kusikia kitu kama kile. Halafu akamnyanyua, akaingia naye nyumbani kwake, akatazama ile sebule, akasema, "Toeni haya makochi. Msiba gani watu wanakaa kwenye makochi?"

Mlinzi ndiye aliyebeba makochi. Yuleyule. Wakatandika mikeka. Wale wakimbiaji waliporudi walimkuta mwenzao kakaa chini amefungwa kanga kichwani na bibi wa Kasulu kamkumbatia, wakavua viatu, wakaingia. Wakaja dada wa kazi wa nyumba za karibu. Akaja yule jirani mwenye mbwa, ambaye ni mzee mpole kumbe, ana jina, anaitwa mzee Kimaro. Wakapika chungu kimoja. Mama akalala pale, chini, pembeni ya mfiwa, siku kadhaa, na Rehema alikuwa anampelekea kichanga cha kuogesha hukohuko.

Siku mama aliponisimulia nilikwenda nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitenge, nikalia mpaka mteja akaniita.

Wiki iliyofuata nilikuwa na hasira ambayo sikuielewa.

Kwa sababu simu zilianza kupungua. Mama kawa na shughuli! Kila nikipiga, yuko kwa mama Brayani. Yuko kwa mzee Kimaro, mbwa wamemzoea. Asubuhi mageti yanafunguliwa yenyewe, walinzi wanamsubiri, "Bibi Mwakeye anakuja." Ndilo jina lake huko, Bibi Mwakeye. Jioni wanawake wanatoa mkeka nje, chini ya ukuta wa geti la bluu, wananunua mihogo ya kuchoma na pweza kwenye kona, wanakaa. Watu waliojenga kuta wakae ndani, sasa wamekaa nje wameziegemea.

Na mimi huku? Mimi niko na chumba chake kilichopigwa deki.

Niliseme hili lote, maana hapa hakuna anayenisikia. Mimi nimebaki Kasulu kwa ajili ya mama. Hiyo ndiyo habari yangu, ndivyo ninavyojieleza kwa kila mtu. Mimi ni kifungua mimba, Rehema akaondoka, baba akafa, nani angebaki? Kuna mwanamume alitaka kunioa, mfanyabiashara wa Kibondo, mtu mstaarabu, mpole, anacheka kwa macho. Alikuwa anahamia Tanga. Nilimpenda. Nilimwambia siwezi, mama nitamwacha na nani? Akanisubiri, akachoka, akaenda. Shangazi zangu wa Tanga waliponiambia nije nifungue duka kule, jibu lilikuwa lilelile. Nimelitumia jibu hilo mpaka limekuwa na umbo la mwili wangu.

Sasa yule niliyebaki kwa ajili yake anasema huku nina watu.

Na mimi ni nani? Ni mti?

Jana baada ya kumkatia simu alikuja dukani mteja wangu, mama Furaha, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anayenunua vitenge kwenda kuviuza rejareja. Akaniangalia usoni tu. "Dada Zai, uko na roho mbaya leo? Maman yako njo iko wapi? Sijamuonaka." Nikamwambia yuko pwani, hataki kurudi. Nilitegemea anionee huruma. Akapiga kofi, akacheka. "Aksanti Mungu! Muzee amepata fasi." Nikampimia kitenge chake. Nilikata kikaenda upande, nikalazimika kumwongezea.

Mtu aliyekimbia kwao na watoto mgongoni anamfurahia mama yangu kupata pa kukaa. Mimi nakunja uso.

Leo sasa. Mvua ilipopungua kidogo nikasikia makofi mlangoni. Taratibu. Mama Yoramu, jirani yetu wa miaka yote, kajifunika jani la mgomba kichwani, mguu mbovu unaburuzika kwenye tope jekundu. Mkononi ana fungu la sombe, majani mabichi ya muhogo.

"Mwakeye."

"Karibu," nikasema. Karibu, kama karani wa dirishani. Hata makofi sikumrudishia.

"Mama kaja?"

"Hajaja."

Nikadhani ataondoka. Hakuondoka. Aliniangalia kutoka chini ya lile jani, maji yanamdondokea begani. "Basi nimekuja kukuona wewe. Mama yako alikuwa anatuambia habari zako kila asubuhi. Zai anaumwa kichwa, Zai kapata mzigo mpya. Tangu aende, tunaona mlango wako tu, asubuhi umefungwa, jioni umefunguliwa. Wewe mwenyewe hatukuoni. Leo Jumapili, duka umefunga, mlango unafunguliwa, unafungwa. Nikasema nije niangalie."

Akanipa sombe, akageuka. Nikamwita akae mvua iishe. Akasema ameacha sufuria motoni.

Nilibaki nimesimama na lile fungu la majani, nimepigwa na butwaa kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kwa sababu nilikuwa nimemcheka Rehema. Wale wenye mbwa, wale wa geti la bluu! Na mimi nilijaribu palepale kukumbuka mume wa mama Yoramu alikufa lini, na ule mguu ulivunjika au ni ugonjwa, na Yoramu mwenyewe yuko wapi siku hizi. Sikujua. Miaka yote nimeishi hapa mama akisalimia watu badala yangu. Mimi natoka, nafunga mlango, naenda dukani. Na sina hata ukuta kama wao.

Nikachukua simu nikapiga kabla sijapata muda wa kufagia tena.

Alipokea mama mwenyewe. Nyuma yake nasikia wanawake wanacheka, na mtoto, na kunguru. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, kama vile jana sikufanya kitu, na hilo likanipandisha hasira upya. Mtu akikusamehe kabla hujaomba inakera sana.

Nikasema nilichokuwa nimejiapiza kutokisema.

"Mama, mimi nimekaa hapa miaka yote kwa ajili yako!"

Nikamsikia anatembea, sauti za wanawake zinabaki nyuma, mlango unafungwa.

"Kwa ajili yangu?" akasema.

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Alipojibu, hakuwa na ukali. Alikuwa anashangaa, kabisa, kama siku ile ya bahari.

"Zai. Baba yenu alipokufa mawifi zangu waliniita Tanga. Nilitaka kwenda. Nilitaka kuona hayo maji aliyoyasema. Nikawaambia siwezi, nina mtoto huku hawezi kukaa peke yake. Rehema alipojenga akaniita, nikasema siwezi, Zai nitamwacha na nani? Yule mtu wa Kibondo alipokuja, niliswali. Nikasema sasa anaondoka, na mimi nitakuwa huru. Ukamkataa. Nikasema basi, huyu ni wa kulindwa."

Nikakaa chini sakafuni, na sombe yangu.

"Nilikuwa napita asubuhi kwa watu," akaendelea, "kila mlango nawaambia habari zako, ili siku nikifa wakujue. Wewe ulikuwa hutoki."

Nikaanza kulia. Akanisikia, na yeye akaanza, kile kilio chake cha Muyama, mpaka nikasikia mlango unafunguliwa kule na wanawake wa Kigamboni wanauliza, "Bibi, kuna nini? Kafa nani?"

Tukacheka. Wallahi tulicheka, mbavu zikauma, yeye kule, mimi huku na sombe mapajani.

Lakini hakusema anarudi. Nilimuuliza, kwa upole safari hii. Akasema mama Brayani bado analia usiku, na mzee Kimaro wanae wako nje, na kichanga kimemzoea. Akasema chumba chake nisikifunge, wala nisikisubirie. Halafu akauliza lile swali lake, lile alilomuuliza Rehema, ila sasa aliligeuza.

"Na wewe kesho ukiamka mzima, nani atajua?"

Nikamwambia nitampigia simu. Akasema simu siyo mlango.

Mvua imekatika. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, baridi imeingia, nimevaa sweta lake la zamani ambalo hakuondoka nalo. Nimepika sombe na mawese, imetoka nzuri, imekuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Bado natembeatembea. Hasira imeisha ila miguu haijaambiwa.

Nikitaka kuwa mkweli, leo nimepotewa na sababu. Kasulu hii nilikuwa nimeikalia kwa jina la mtu mwingine, na mwenye jina kajiondokea zake, anakula pweza. Naweza kwenda Tanga. Naweza kubaki. Hakuna wa kumsingizia. Inatisha, jamani, inatisha kuliko nilivyodhani, na kuna mahali kidogo ndani yangu panachekelea.

Kesho kabla ya kufungua duka nitabeba bakuli la sombe, nitakwenda kwa mama Yoramu, nitapiga makofi, nitapiga goti nimwambie "Mwakeye" hata kama ulimi utaniuma. Nitamuuliza mguu. Nitamuuliza Yoramu yuko wapi.

Na akiniuliza mimi mwenyewe nimeamkaje, sitamtaja mama.